Dakika Kumi na Moja za Harusi

Flashi ilikuwa na harusi nzima isipokuwa pale palipotakiwa.

Inspekta Mwatum Nassor alikuwa ameitazama mara tatu ofisini kwake Chake Chake, na mara zote mambo yalikwenda vilevile. Bwana harusi anashuka garini, wazee wanajipanga barazani, shehe anajaribu kipaza sauti, halafu picha inaruka na watu wanakula pilau. Saa ya kamera, iliyoandikwa pembeni kwa tarakimu nyeupe za kizamani, ilisema 4:17, kisha 4:28. Dakika kumi na moja zilikuwa hazipo.

Harusi yenyewe ilikuwa ya mwaka 1996. Bwana harusi, Mzee Mjaka bin Jabir, alikuwa amefariki mwezi uliopita. Bibi harusi, Bi Rahma binti Bakar, alikuwa amekaa eda katika nyumba ya Pujini ambayo alisema ni mahari yake, aliyotajiwa siku ile mbele ya watu. Jabir, mtoto wa marehemu kwa mke wa kwanza, alisema nyumba ni ya urithi na eda ikisha itagawiwa. Cheti cha ndoa kilikuwa kimeliwa na mchwa. Daftari lililobeba nakala lilirowa mvua zamani na kurasa zake zikagandana. Shehe na mashahidi wote wawili walikuwa makaburini. Wazee watatu waliohudhuria walihojiwa. Mmoja alikumbuka nyumba, wa pili alikumbuka mikarafuu, wa tatu alikumbuka pilau.

Ilibaki kanda. "Ichezeni, humo mtamsikia mwenyewe," Bi Rahma alikuwa amesema katika maelezo yake. Kaka yake aliipeleka kanda Wete ikahamishwe kwenye flashi, na Jumamosi alirudishiwa flashi hiyo pungufu pamoja na kanda iliyokatika. Jumapili alikuwa kituoni kufungua shauri la kuharibu ushahidi. Kadhi angekaa Alhamisi. Leo ilikuwa Jumanne.

Koplo Masika aliegesha gari mbele ya studio ya Suhail Mmanga saa nne na robo asubuhi. Njia yote kutoka Chake walikuwa wakipita karafuu zilizoanikwa, na harufu yake ilikuwa imeingia hadi kwenye viti.

Duka lilikuwa jembamba. Kuta zake zilijaa picha za zamani zilizopigwa na marehemu Mmanga, baba yake Suhail: maharusi waliosimama wima kama askari, watoto wa Idi waliotiwa poda, mabaharia wa Tanga wenye suruali pana. Mwatum alisimama mbele ya picha moja ya watoto watatu wenye maua ya plastiki mikononi. Wa kati alikuwa yeye, ana miaka saba.

"Baba aliwapiga nusu ya Wete," alisema Suhail kutoka nyuma ya kaunta. "Karibu, Afande. Nilijua utakuja."

Alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, mwembamba, kofia yake imefuliwa vizuri. Mwatum aliweka kanda juu ya kaunta.

"Hii nani kaikata?"

"Haikukatwa, ilikatika. Tazama." Suhail aliinua kifuniko. Utepe mweusi ulikuwa na unga mweupe kama uliopakwa chokaa. "Fangasi. Niliicheza mara moja tu, Jumatatu ya wiki iliyopita, kompyuta inanakili. Ilipofika mwisho, kuirudisha nyuma, mashine ikaitafuna."

"Na ile nakala ya kwanza, kabla hujaigusa?"

"Niliipandisha, kisha nikaifuta humu. Laptop yenyewe hii, diski imejaa."

"Uliipandisha wapi?"

Suhail alivuta kiti akamkaribisha akae upande wa ndani wa kaunta. Laptop ilikuwa ya zamani, herufi mbili za kibodi zimepotea.

"Programu za kuhariria filamu ni nzito, Afande. Hii haiziwezi, inazimika. Kompyuta ya kuziweza sina. Kwa hivyo nakodi kompyuta ya mbali, naiendesha kwa mtandao, nalipa kwa saa. Hao wanaokodisha wana mitambo mikubwa, kila mmoja wameugawa kama nyumba ya vyumba. Mimi nimepewa chumba kimoja, nimeweka programu zangu humo. Hii laptop ni dirisha tu, natazamia."

Alifungua. Alisogeza kipanya, na mshale kwenye skrini ukafuata baadaye kidogo, kama mtu aliyeitwa naye yumo uani. Picha ya harusi ilitokea. Chini yake mstari mrefu wa vipande vya filamu, na chini zaidi mstari wa sauti.

"Anayeingia kule anaandikwa?"

"Anaandikwa. Na anachofanya."

"Nionyeshe Ijumaa."

Orodha ilishuka polepole. Mwatum aliisoma mara mbili. Mtumiaji mmoja tu, jina la studio. Mistari ya mwanzo ilikuwa ya kuingia na kutoka. Halafu 9:41, kipande kimekatwa. 9:44, faili la asili limefutwa. Alitoa simu yake akaipiga picha skrini yote, pembe hadi pembe.

"Saa tatu na dakika arobaini na moja, Ijumaa asubuhi. Ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa. Lakini umeme haukuwapo. Ulikatika saa mbili, ukarudi saa tano. Uliza mtaa mzima. Na betri ya laptop hii ilikufa mwaka juzi."

"Kompyuta iliyokata haiko Wete, Suhail. Umeme wa Wete unaihusu nini?"

Suhail alikiachia kipanya.

"Chumba chako hicho, mtu anaweza kukifungua kwa simu?"

"Kwa taabu. Lakini anaweza."

"Simu yako ilikuwa na chaji?"

"Ilikuwa nayo."

Mwatum aliandika. "Nani anaingia dukani humu, zaidi yako?"

"Hakuna. Tangu baba afariki niko peke yangu."

"Na nani aliyekuja kuiulizia kanda hii?"

Suhail alivua kofia yake, akaikunja, akaivaa tena. "Jabir Mjaka. Alikuja Alhamisi. Na Ijumaa asubuhi."

*

Jabir alikuwa ameitwa kutoka Mkoani, ambako alikuwa na duka la nafaka karibu na gati. Mwatum alimkuta ameketi kwenye benchi la kituo Chake Chake, mikono juu ya magoti, mtu mnene wa miaka thelathini na tano mwenye macho ya mtu aliyefiwa. Walipoingia ofisini hakusubiri kuulizwa.

"Nimeambiwa kanda imekatwa. Mimi sikuikata."

"Lakini ulikwenda Wete mara mbili kwa ajili yake."

"Nilikwenda."

"Kufanya nini?"

"Kumtazama baba."

Mwatum alifungua daftari lake.

"Baba alianguka mkarafuuni mwaka tisini na saba," alisema Jabir. "Nilikuwa na miaka saba. Tangu hapo ni nkongojo. Watu wakinambia baba yako alikuwa akicheza kirumbizi, fimbo mkononi, akiruka, mimi nawasikiliza tu. Sina picha hiyo kichwani. Nikasikia kanda inafufuliwa. Alhamisi Suhail akanambia bado inapanda. Ijumaa nikarudi, umeme hakuna, akanifungulia kwenye simu."

"Saa ngapi?"

"Saa tatu na nusu, na kitu."

Kalamu ya Mwatum ilisimama. "Mlikaa muda gani?"

"Robo saa, labda. Akishuka garini. Nilimwambia Suhail arudishe, arudishe. Anashuka, anafunga mlango kwa kisigino, anakwenda." Jabir alitazama chini. "Anatembea kama mimi."

"Kwa hivyo saa tatu na dakika arobaini na moja wewe na Suhail mlikuwa mbele ya simu moja, na simu hiyo imeifungua kompyuta iliyokata kipande chenye mahari ya mama yako wa kambo. Unaniambia mlikuwa mnatazama mlango wa gari."

"Nakwambia lilivyokuwa."

"Nyumba ile unaitaka, Jabir?"

"Nataka ijulikane ya nani. Tuko watoto watano. Mkubwa mimi. Nikiitoa kwa maneno matupu wenzangu watanidai Akhera."

Adhana ya adhuhuri iliingia dirishani kutoka msikiti wa karibu. Jabir aliinua kichwa. "Nina ruhusa ya kwenda kuswali, Afande? Nitarudi."

"Masika atakusindikiza." Kisha, alipokuwa amefika mlangoni, "Ijumaa uliswali wapi?"

"Wete. Suhail alinichukua. Yeye ndiye anayeshughulika na vipaza sauti pale. Tulikuwa safu ya mbele."

Mwatum alibaki peke yake na simu yake. Aliifungua ile picha ya skrini akaikuza. Alisoma tena 9:41. Akashusha macho hadi pembe ya chini kabisa, ambako kompyuta ile ya mbali ilikuwa imeandika saa yake yenyewe: 7:52. Halafu akatazama saa ambayo simu yake iliipiga picha hiyo: 10:52.

Alizihesabu kwa vidole, kama mtoto wa skuli. Saa tatu. Kompyuta ya mbali ilikuwa nyuma ya Pemba kwa saa tatu kamili. Kila mstari aliousoma Wete aliusoma kwa saa isiyo ya Wete.

Alichukua karatasi akaandika upya. Kulikuwa na mistari miwili aliyoipita asubuhi bila kuijali: 6:38 ameingia, 6:52 ametoka. Kwa saa za Pemba hiyo ilikuwa saa tatu na dakika thelathini na nane hadi saa tatu na dakika hamsini na mbili. Robo saa ya Jabir na mlango wa gari. Baada yake hakuna kitu, hadi kuingia tena muda mfupi kabla ya 9:41. Na 9:41 ilikuwa saa sita na dakika arobaini na moja mchana. Siku ya Ijumaa.

Alimpigia simu hatibu wa msikiti ule wa Wete, mzee aliyekuwa akimfahamu tangu utotoni.

"Suhail?" alisema mzee. "Alikuwepo kabla sijapanda membari. Kipaza sauti kilikuwa kinalia, akakaa chini ya miguu yangu akikitengeneza mpaka nikateremka. Kwani vipi?"

"Kulikuwa na mtu mnene kando yake?"

"Mtoto wa marehemu Mjaka. Nilimpa mkono wa rambirambi baada ya swala."

"Shukran, Shehe."

Wakati kipande kile kinakatwa, aliandika, wanaume wote wawili walioshukiwa walikuwa msikitini. Mwatum alipiga mstari chini ya neno wanaume, kisha akampigia Suhail.

"Neno la siri la chumba chako, nani mwingine analo?"

Mlango wa duka ulisikika ukifungwa.

"Nusaiba," alisema Suhail. "Binamu yangu. Yuko Mkoani."

"Asubuhi ulisema uko peke yako."

"Uliniuliza nani anaingia dukani, Afande. Nusaiba hajaingia dukani tangu aolewe. Anafanya kwake. Kanda za harusi zina sehemu za ndani, za akina mama. Mimi sizitazami. Tangu zamani baba hakuzishika, alimwachia mama kamera, mama akaingia nayo. Sasa mama hayupo, anazitengeneza Nusaiba." Alivuta pumzi. "Sikutaka mke wa mtu aitwe kituoni kwa sababu yangu."

"Hataitwa. Nitamfuata mimi."

*

Nyumba ilikuwa juu ya kilima cha Mkoani, na kutoka mlangoni lilionekana paa la bati la gati na wapagazi wakiisubiri meli ya Unguja. Masika alibaki garini. Nusaiba alimkaribisha Mwatum ndani, akamletea maji, akaketi mkekani mbele yake. Alikuwa na miaka ishirini na minane. Laptop yake, iliyokuwa dhaifu kuliko ya Suhail, ilikuwa juu ya cherehani.

"Suhail kanipigia," alisema. "Nimeikata mimi. Usimsumbue."

"Nani alikutuma?"

"Hakuna."

"Jabir unamjua?"

"Namwona dukani kwake. Nanunua unga. Basi."

"Basi kwa nini?"

Nusaiba alizungusha pete yake kidoleni. "Kwa sababu mle ndani mna mama yangu."

Alisimama, akaenda kwenye kabati, akatoa simu iliyokuwa imefungwa katika leso. Alikiweka kile kipande humo kabla hajakifuta kule, alisema. Hakuweza kukitupa. Mama yake, Bi Zulekha, alifariki mwaka tisini na nane, Nusaiba akiwa hajatimiza miaka miwili. Hakuwahi kupigwa picha hata moja, aliogopa picha. Shangazi walimwambia Nusaiba kwamba amefanana naye, na ni hayo tu aliyokuwa nayo.

"Naifanya kazi kama kawaida, naondoa michirizi, nasawazisha rangi. Mara naona mtu anacheza kati ya wanawake, ana uso wangu. Nikarudisha nyuma. Nikamuona alivyofunga kanga, kwa bega moja, kichwa wazi, mwenyewe kafurahi." Sauti yake ilishuka. "Zamani kanda ilikaa kabatini, Afande. Ilitolewa ikatazamwa na wanawake, ikarudishwa, kabati likafungwa. Hii ilikuwa inatiwa kwenye flashi, flashi inakwenda mahakamani, mahakamani wanaume watupu, na kutoka pale simu hadi simu. Mama yangu yuko kaburini hawezi kujistiri. Nikamstiri mimi."

"Ulijua kwamba katika dakika hizo ndoa ilikuwa inafungwa?"

"Hakuna ndoa mle. Wanawake tu. Tazama."

Mwatum alitazama. Shehe alionekana barazani akiipungia kamera mkono wa kukataa. Hakutaka kupigwa picha akifungisha ndoa. Kamera ikashuka, ikaonyesha miguu, kizingiti, mkeka, kisha ikainuka tena katika mikono mingine, ndani. Chumba cha wanawake. Taa ya kandili imetundikwa ingawa ni alasiri, kwa kuwa madirisha yamefungwa. Bibi harusi amejikunyata kitandani chini ya shali ya kijani. Wanawake kumi na tano au ishirini, vibao mikononi. Na kati yao mmoja, mjamzito wa miezi ya mwisho, anacheza kwa hatua ndogondogo za uangalifu, mikono yake ikifanya kazi ambayo tumbo lilimkataza kuifanya.

"Na wewe umo," alisema Mwatum.

"Na mie nimo."

Picha ilikwenda bila sauti. Midomo ilifunguka, vibao viligongana, hakuna kilichosikika. Mwatum alikumbuka maelezo ya Bi Rahma. Yalikuwa kurasa mbili, na kila mahali alisema nilimsikia. Hakusema hata mara moja nilimuona.

"Sauti iko wapi?"

"Huwa naizima. Kutoka kule huja imekatikakatika, inachelewa, inanivuruga. Mimi kazi yangu picha."

"Iwashe."

Nusaiba aliinua sauti ya simu. Chumba kikajaa vibao na vicheko, na nyuma yake mvumo wa kipaza sauti cha betri ya gari. Halafu mwanamke mmoja akasema nyamazeni, nyamazeni wanaozesha, na kimya kikaja, na katika kimya hicho, kutoka kwenye spika iliyofungwa nje juu ya dirisha, ikaingia sauti ya shehe, kavu na wazi.

"Ewe Mjaka bin Jabir. Nimekuoza Rahma binti Bakar, kwa uwakilishi wa baba yake, kwa mahari ya nyumba ya Pujini na mikarafuu kumi na miwili iliyo nyuma yake."

Na sauti ya kijana, yenye haraka kidogo: "Nimekubali kumuoa Rahma binti Bakar kwa mahari hayo yaliyotajwa."

Vigelegele vikapasua spika ya simu. Nusaiba aliizima. Alikuwa ameishika kwa mikono miwili.

"Nilitaka kumstiri mmoja," alisema, "nikamvua mwengine."

"Simu hii lazima niichukue."

"Chukua. Lakini nikuulize. Kadhi anahitaji macho, au masikio?"

Mwatum alitoa bahasha mkobani.

"Picha na sauti ni mistari miwili," alisema Nusaiba. "Kule juu naweza kuitenganisha. Picha yote nikaifanya giza, sauti nikaiacha kama ilivyo, bila kuigusa hata kidogo."

"Ukiitenganisha, wakili yeyote atasema umeitengeneza. Kwa hivyo itakuwa hivi. Utafanya mbele yangu. Kile kamili kitabaki ndani ya simu hii, simu itatiwa katika bahasha, tutatia saini sote wawili na lakiri juu. Kadhi akiwa na shaka, ataapishwa mwanamke akitazame na aseme alichokiona. Na maelezo yako nitayaandika yote. Kukata ulikata. Kwamba hukujua unachokata, hilo pia nitaliandika. Atakayeamua si mimi."

"Naam."

Alihamia kwenye cherehani akafungua laptop. Mshale ulichelewa, ukafika. Kipande kilipanda kwa kujikongoja, asilimia moja baada ya nyingine, mpaka meli ya Unguja ikawa imefunga gati na wapagazi wameanza kupigana vikumbo. Nusaiba alibofya mara moja, na mstari wa picha ukaachana na ule wa sauti. Alibofya tena. Chumba cha mwaka tisini na sita kikawa cheusi, na watu wake wakaendelea kucheka gizani.

*

Alhamisi Kadhi alisikiliza akiwa amefumba macho. Alipomaliza alimuuliza Jabir kama anaitambua sauti.

"Ya pili ni ya baba," alisema Jabir. "Naomba irudiwe."

"Una shaka nayo?"

"Sina, Shehe. Naomba irudiwe tu."

Ikarudiwa. Jabir alisimama akaondoa pingamizi lake na la ndugu zake, akasaini, akatoka. Bahasha haikufunguliwa. Kuhusu Nusaiba, kaka yake Bi Rahma aliambiwa kilichotokea na kwa nini, akakaa akafikiri, kisha akafuta malalamiko yake kwa mkono wake mwenyewe. Jalada lilirudi mezani kwa Mwatum likiwa jepesi. Aliliandikia mstari wa mwisho, akalifunga, akamrudishia Nusaiba simu yake.

"Bi Rahma anakuita," alimwambia. "Yuko edani, hawezi kutoka. Nitakupeleka."

Nyumba ya Pujini ilikuwa ya mawe na udongo, imepakwa chokaa, na nyuma yake mikarafuu ilikuwa imesimama. Mmoja ulikuwa umekauka. Bi Rahma aliwapokea katika chumba cha ndani, amevaa nguo nyeupe isiyo na urembo. Nusaiba alipiga magoti kumwomba radhi. Bi Rahma alimshika kidevu akaugeuza uso wake kwenye mwanga.

"Wa Zulekha huyu," alisema. "Hakuna haja ya kuniambia. Hebu kaa. Funga mlango, mwanangu Mwatum. Niwekeeni."

Waliunganisha simu na televisheni. Sasa ilikuwa picha na sauti pamoja. Bi Rahma alisogea karibu, akawa anawataja waliomo kwa ncha ya kidole, mmoja mmoja.

"Huyu Bi Mize, kafariki. Huyu yuko Tanga, hatuonani. Huyu kafariki. Hawa mtu na dadake, wote. Huyu aliyeshika kamera humwoni, lakini msikilize anavyocheka, nke wa Mmanga huyo. Kafariki." Alinyamaza spika ilipoanza kunena, akasikiliza mpaka lile neno nimekubali, midomo yake ikitembea pamoja nalo. Hakulia. Vigelegele vilipopigwa alikuwa anatabasamu.

"Hapa," alisema Nusaiba. "Hapa mama anakuja kitandani, anainama, anakwambia kitu. Nimemrudia mara nyingi. Vigelegele vimemfunika, midomo sijaipata."

Kwenye skrini Zulekha aliacha kucheza, akahema, akaegemea ukingo wa kitanda na kuusogeza mdomo wake kwenye shali ya kijani.

"Nilikuwa nalia," alisema Bi Rahma. "Naogopa, sijui naogopa nini. Akanambia, Rahma, hebu tazama, ntoto anacheza kuliko mie. Akauchukua nkono wangu, akauingiza chini ya kanga yake."

Nusaiba alirudisha nyuma. Walitazama wote watatu. Chini ya shali ya kijani, mkono wa bibi harusi ulitoka, mweusi kwa michoro ya piko, ukapotea ndani ya kanga ya yule mjamzito, na kichwa kilichokuwa kimeinamishwa kikainuka ghafla.

"Ndipo nilipocheka," alisema Bi Rahma. "Ulinipiga teke."